Mwali Kanyamaza

Jumatatu, 4 Novemba

Umeme umekatika tangu asubuhi. Ofisi nzima jasho. Boti za watalii wa papa potwe nimezipanga kwa simu yangu mwenyewe na vocha yangu mwenyewe. Kundi moja limerudi linalalamika kwamba halikumwona samaki. Nikawaambia samaki hatujamwajiri sisi. Sikuwaambia hivyo. Nilitamani tu.

Nassor kaja na ndege ya asubuhi kutoka Dar. Mbele ya watu namwita Bosi. Kaweka pakiti ya halua mezani kwangu bila neno, akaingia chumbani kwake. Wasichana wa mapokezi wakatazamana. Watazamane.

Hapa hasomi mtu, basi niandike wazi. Nampenda. Na kiti cha umeneja wa hoteli mpya, alichoniahidi, nakitaka. Vyote viwili. Mama anasema nina tamaa. Ninayo. Sikwenda Dar kusoma utalii ili nirudi Kilindoni kujibu simu.

Alhamisi, 7 Novemba

Kikao cha hoteli. Kimeisha vibaya. Hoteli haijengeki bila ule ufukwe wa Utende unaotazama Ghuba ya Chole, na mwenye ufukwe ni Mzee Kombo. Kakataa tena. Matajiri wengine walishamwendea kabla yetu. Wote aliwapa madafu, akawasindikiza hadi barabarani.

Nassor kapiga meza. Nikamwambia yule mzee hampi mtu baki hata kuti. Ardhi yake ni ya watoto wake na wakwe zake. Nikaongeza, "Labda ukamwoe binti yake." Kikao kizima kikacheka. Yeye alichelewa kucheka.

Binti mwenyewe ni Rukia. Nilisoma naye shule ya msingi. Mpole, ana sauti nzuri ya kaswida, siku hizi anafundisha watoto madrasa. Nilijuta kidogo kumtania mtu asiyekuwepo.

Jumapili, 10 Novemba

Ras Mkumbi. Tumekwenda kwa kisingizio cha kazi, eti kukagua njia ya watalii. Chande, dereva, tulimwacha kijijini anakula samaki wa kuchoma. Tukatembea sisi wawili hadi kwenye mnara wa taa.

Alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na jasho, na mimi nilifurahi kwamba tajiri naye anatoka jasho. Alisema amechoka kuishi hotelini. Mwakani atakuwa na nyumba hapa kisiwani, na nyumba yenye mtu ndani. Alipotaja mtu aliniangalia mimi.

Upepo ulikuwa unanivua ushungi. Ule wa zambarau. Akanisaidia kuufunga, akaufunga ovyo, nikauacha hivyo hivyo mpaka nyumbani. Mama kaniuliza nimefungwa na nani. Nikasema upepo.

Jumatano, 13 Novemba

Kaniita chumbani kwake, akafunga mlango. Nilidhani ni mambo ya boti.

Kauliza kwetu posa hupokelewaje. Yeye kakulia Dar, shule za bweni tupu, mila hazijui. Nikamweleza. Mwanamume haendi mwenyewe. Hutuma wazee, na siku hiyo yeye hukaa mbali kabisa. Wazee hawaanzi kwa kutaja jina la binti. Husema kijana wao anatafuta jiko, na wamesikia jiko liko nyumba ile. Binti yuko ndani nyuma ya pazia. Mzee mwenye kauli humtuma mwanamke wa nyumba akamuulize. Mwali akinyamaza, karidhia.

Kauliza, na kama hataki? Nikasema basi aseme hataki. Lakini nani aliwahi kusikia mwali akisema.

Alisikiliza kama mwanafunzi. Sikumuuliza anauliza kwa nini. Mwanamke haulizi habari ya posa yake, huonekana ana haraka. Ninayo hiyo haraka.

Jumamosi, 16 Novemba

Nassor karudi tena kutoka Utende na mkungu wa ndizi, zawadi ya Mzee Kombo. Wiki hii Chande kampeleka huko karibu kila jioni. Naona mzee ameanza kulainika. Hoteli inakuja. Nimepita kwenye ile meza tupu ofisini, iliyowekwa kwa ajili ya meneja wa hoteli, nimekaa kidogo. Kiti kinalia. Nitakibadilisha.

Jumanne, 19 Novemba

Kanituma dukani kununua vitu vya sanduku la posa, wazee wake wanakuja kutoka Dar Ijumaa ya wiki ijayo. Hakusema sanduku la nani. Kasema tu, "Chagua kama unajichagulia mwenyewe."

Nimejichagulia. Udi, marashi, kitambaa cha baibui, sabuni za kunukia, doti za kanga. Kanga moja ya zambarau yenye korosho pembeni niliishika, nikairudisha, nikaishika tena. Mwenye duka kauliza za nani. Nikasema za kazini. Akanitazama mpaka nikaona haya, kisha akanifungia kipande cha udi cha ziada bure.

Zambarau ndiyo rangi yangu. Anajua.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimemwambia mama. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikasema kuna wazee watakuja Ijumaa ijayo kutoka Dar. Akaacha kukuna. Akauliza, wa nani? Nikanyamaza. Akashika kifua, akasema alhamdulillahi, akaendelea kukuna nazi kwa kasi kama mtu anayegombana nayo.

Baba Mkubwa kaitwa. Ndiye mwenye kauli nyumbani tangu baba afariki. Kasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: huyu bwana amekuambia kwa mdomo wake? Nikasema wazee ndio mdomo. Akasema haya.

Swali lake limeniudhi. Hakuna mwingine kwenye ukoo huu aliyewahi kupendwa na mtu wa maana, basi wanadhani haiwezekani.

Jumapili, 24 Novemba

Nyumba inapakwa chokaa. Majirani hawaulizi, wanaleta vitu. Mmoja kaleta mikeka mipya, mwingine sufuria kubwa. Mama hakumwambia mtu. Chokaa imesema yenyewe.

Jumatano, 27 Novemba

Nassor kaondoka na ndege ya mchana. Kabla hajatoka kafungua sanduku, kalitazama, kasema, "Unajua kuchagua." Sauti yake ilikuwa ya chini. Naona ni mahaba.

Kuhusu wazee kasema hivi tu: "Wapokee kama wazazi wako. Chande anapajua pa kuwapeleka." Kweli Chande anapajua. Kanirudisha kwetu Kiegeani jioni ngapi.

Siwezi kula. Naonja tu vya mama.

Ijumaa, 29 Novemba

Asubuhi. Wazee wamefika. Wanaume watatu wa kanzu na shangazi yake Nassor, Bi Zuhura, mnene, mcheshi, mkono wake una hina mpya. Hawajawahi kufika Mafia. Niliwapa shikamoo, Bi Zuhura akaniitikia marahaba mwanangu na kunishika shavu. Hakuna aliyesema kitu kuhusu mimi. Ni adabu. Wanajua, wanajifanya hawajui.

Wakati wanapakia sanduku Chande kaninong'oneza, "Nawapeleka wapi, dada Hawa?" Nilitaka kuzama ardhini kwa haya. Nikasema, "Si unapajua wewe." Akacheka mpaka macho yakapotea.

Sasa wako msikitini. Bodaboda ananisubiri nje. Lazima niwe nyuma ya pazia kabla hawajafika.

Jumamosi, 30 Novemba

Naandika yote, kisha sitayasoma.

Walikuja baada ya swala. Wakakaribishwa, wakanawishwa, wakala. Pilau ya mama ilisifiwa. Bi Zuhura akaingia ndani kwa wanawake, akafungua sanduku mbele yetu, akatoa ile doti ya zambarau na kumpa mama mkononi. Akasema hii ya mama mzazi, kabla ya maneno yoyote. Mama akaibusu.

Barazani yule mzee wa miwani akaanza. Kijana wao hana jiko, kila siku anakula kwa watu. Wamesikia jiko liko nyumba hii. Baba Mkubwa akajibu kwamba jiko lipo, na moto haujazimika. Watu wakacheka. Nilimpenda Baba Mkubwa kwa lile jibu. Alikuwa ameliandaa.

Akamtuma Bi Mkubwa, mkewe, aje aniulize. Bi Mkubwa akachuchumaa mbele yangu. Wamekuja, umewasikia, unasemaje mwanangu? Nikainamisha kichwa. Nikanyamaza. Akasubiri. Nikazidi kunyamaza. Akapiga kigelegele, na nyumba yote ikapokea, hadi kwa majirani.

"Mwali kanyamaza," Baba Mkubwa akasema. "Tumeridhia."

Wakasoma fatiha. Kisha yule mzee akashukuru, akasema kijana wao na binti Rukia Mungu awape kheri.

Baba Mkubwa akauliza, binti nani? Mzee akarudia. Rukia, binti Kombo. Baba Mkubwa akasema taratibu, hapa hatuna Rukia. Hapa ni kwa marehemu Mbaraka. Kwa Mzee Kombo ni mbele, Utende.

Nyuma ya pazia hakuna aliyenitazama. Hilo ndilo lililoniua, kwamba wote waliangalia chini kwa wakati mmoja. Bi Mkubwa alikuwa bado ameshika mkono wangu, akawa hajui auachie au asiuachie. Mama akaanza kuikunja ile kanga. Aliikunja vizuri, kona kwa kona, akamrudishia Bi Zuhura. Bi Zuhura akausukuma mkono wake, machozi yanamtoka. "Usinirudishie, dada yangu. Mkono wangu ulishatoa."

Nilimsikia Chande nje anasema, mimi nilijua ni dada Hawa, wallahi mimi nilijua ni dada Hawa. Alirudia mpaka mtu akamwambia anyamaze.

Na Baba Mkubwa. Sikujua kama ana moyo huo. Hakupandisha sauti. Akasema wageni wamefika kwa ndugu, waliona njaa, tukawalisha, na hiyo si aibu. Akawataka wamalize chai. Kisha akaweka kofia sawa, akapanda gari pamoja nao. Mzee Kombo asingewapokea watu waliotoka kuposa nyumba nyingine siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Baba Mkubwa kaenda mwenyewe, kamwambia hawa ni wageni wangu, walipita kwangu kula, nami nimewaleta kwako. Kamdanganya rafiki yake ili mimi nisisemwe.

Posa imekubaliwa huko. Baba Mkubwa ndiye aliyewafikisha, basi kwa mila yetu yeye ndiye mshenga. Mshenga wa Nassor ni baba yangu mkubwa.

Nilikubali kuolewa mbele ya watu, na hakuna aliyeniomba.

Jumapili, 1 Desemba

Sikutoka. Kuta zinanuka chokaa.

Nimejaribu kumchukia Rukia. Hachukiki. Najua anavyocheka, anafunika meno kwa mkono.

Nimerudia maneno ya Nassor yote, moja moja, kuanzia Ras Mkumbi. Hakuna aliposema mimi. Nyumba yenye mtu. Mtu. Yale mengine niliyajaza mwenyewe. Lakini mkono alinishika. Hilo sikulijaza.

Jumatatu, 2 Desemba

Kapiga simu asubuhi.

Kwanza kasema atamfukuza Chande. Nikasema Chande hana kosa. Kisha kasema pole kwa usumbufu. Usumbufu. Ndilo neno tunalowaandikia watalii injini ya boti ikiharibika, nilimchagulia mimi.

Kisha kaongea. Yeye huongea vizuri siku zote. Kasema njia nilimwonyesha mimi mwenyewe, kikaoni, mbele ya watu. Kasema alidhani naelewa, mtu mwenye akili kama mimi. Hii ni biashara. Ufukwe umepatikana, hoteli inajengwa, kiti cha umeneja ni changu kama alivyoahidi. Rukia atakaa Utende na wazazi wake karibu. Mimi na yeye mambo yetu yatabaki yetu, taratibu, moyo wake najua uko wapi.

Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha uani. Kuku wanadonoa mabaki ya pilau ya Ijumaa. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Na Mungu anisamehe, sehemu ya moyo wangu ilikuwa inapima. Kiti kile. Sauti ile. Sikusema kitu.

Akasubiri kidogo, kisha akasema kwa upole, "Haya. Tumeelewana basi."

Nikakumbuka nilivyomfundisha. Akinyamaza, karidhia.

Nikasema hapana. Akauliza, nini? Nikasema hapana, kwa sauti, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hapana ya nini, Hawa? Ya kiti na yako wewe, nikasema. Nikakata simu.

Sikujisikia shujaa. Nilitapika. Mama alinishika paji la uso kama nilivyokuwa mdogo na hakuniuliza chochote.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimerudisha funguo za ofisi. Wasichana wa mapokezi walisimama waliponiona, wote, kama kwenye msiba. Afadhali wangenicheka.

Chande kanirudisha Kiegeani. Hajafukuzwa. Njia nzima hakuwasha redio. Tulipofika akasema, "Dada, mimi nilikuwa nawaona nyinyi wawili. Nilichokiona nilikiona." Nimemshukuru. Ni yeye tu mpaka leo aliyesema kwamba kitu kile kilikuwepo.

Jumanne, 17 Desemba

Ofisi ya kijiji wanatafuta karani. Karani, mimi. Nimeomba.

Usiku namwota. Mchana najiambia sikumwota. Leo boti za papa potwe nimezisikia kwa mbali na nikaanza kuhesabu nani yuko zamu. Nimejikataza.

Ijumaa, 27 Desemba

Ndoa imefungwa Utende baada ya swala. Magari yamekuja kwa honi kwenye barabara yetu, kisha honi zikanyamaza zilipokaribia kwetu, zikaanza tena mbele. Najua ni Chande aliyewaambia.

Mama hakwenda. Baba Mkubwa alikwenda, kama mshenga alikuwa hana pa kukimbilia. Kavaa kanzu yake ya Iddi. Walimkalisha mbele, karibu na bwana harusi, akampa mkono kwa kuwa watu walikuwa wanatazama.

Karudi alasiri na sahani ya pilau imefunikwa kawa. Akaiweka mbele yangu. Akasema kwamba shekhe alipotuma kumuuliza Rukia, ilibidi aulizwe tena na tena.

Nikamuuliza alijibu nini.

"Alinyamaza," akasema, na akavua kofia yake.

Nimeila ile pilau. Ilikuwa na hiliki nyingi. Kisha nimetoa ile doti ya zambarau sandukuni kwa mama, nikaikata katikati. Kipande kimoja chake, kimoja changu. Mama kanitungia uzi kwenye sindano, macho yangu yalikuwa hayaoni vizuri. Nimepinda upande mmoja. Mshono umekwenda kombo, lakini utashika. Upande wa pili nitaupinda kesho.